Koti la Mpira la Nyanjige

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa Alhamisi, tarehe kumi na sita, mwezi wa pili, mwaka tisini na tano. Mboje anaijua tarehe hiyo kuliko anavyoijua ya kuzaliwa kwake. Ya kuzaliwa ilikisiwa na karani wa kanisa. Hii aliisoma mwenyewe, imeandikwa kwa chaki kwenye ubao wa ofisi ya chama cha ushirika pale Bariadi mjini, na chini yake maneno mawili: BETRI HAKUNA. Saa nne asubuhi alikuwa amesimama mbele ya ubao huo, baiskeli imemwegemea pajani, na saa hiyo hiyo kule kijijini Kasoli mkewe Nyanjige alikuwa anafunga kamba za koti la mpira, tayari kubeba bomba la dawa mgongoni.

Koti lile alilitengeneza Mboje kwa mikono yake.

Chama kilipokuwa bado chama, mkulima wa pamba alikuwa hasumbuki na mambo haya. Dawa ililetwa, vinyunyizio vya betri vililetwa, betri zake zililetwa, na aproni nzito za kuvaa mbele na nyuma zililetwa, ingawa zilikuwa zinanuka panya wa ghala. Halafu wakubwa wakakaa kwenye ukumbi wenye feni, wakanywa soda, wakatoka na neno lao: soko huria. Kasoli hakuulizwa mtu. Wanunuzi binafsi wakaja na malori yenye rangi za kung'aa, wakapima pamba, wakaondoka. Sawa. Lakini wa kununua walipotajwa majina, wa kuleta betri hakutajwa. Kila Mboje alipouliza, alijibiwa kwamba utaratibu unaandaliwa. Ulikuwa unaandaliwa tangu mwaka uliopita.

Yeye mwenyewe alifanya kazi miaka kumi na miwili katika gereji ya chama, akiziba tyubu za malori. Darasa aliishia la nne, ila mpira aliujua. Alijua tyubu ya kuparua kwa msasa na tyubu ya kuparua kwa tupa. Alijua kiraka cha moto, kile kinachobanwa kwa chuma, kikawashwa, kikaiva pamoja na tyubu mpaka huoni tena kipi ni kiraka na kipi ni tyubu. Mwaka wa tisa wa kazi, pete ya gurudumu la lori ilifyatuka ikamvunja goti la kushoto. Likaunga vibaya. Baiskeli aliweza kuendesha, lakini kupita juu ya matuta ya pamba na mzigo mgongoni, hapana. Gereji ilipofungwa, ile mashine ya kubania viraka ilipakiwa na mnunuzi wa vyuma chakavu mchana kweupe, na Mboje akarudi nyumbani na tyubu kuukuu sita na goti lake.

Kwa hiyo kupulizia dawa ikawa kazi ya Nyanjige.

Bomba lao lilikuwa la zamani, mfuniko wake ulivuja. Msimu wa kabla ya huo dawa ilikuwa ya kuchanganya na maji, na ikivuja ilimtiririkia mgongoni. Jioni alijikuna mpaka ngozi ikawa kama ya kenge.

"Baba Malimi," alimwambia mumewe, akitumia jina la kijana wao aliyekuwa Nassa kwa wavuvi, "wewe umeziba matairi ya serikali nzima. Mgongo wangu hauwezi kuuziba?"

Alisema kwa kucheka. Mboje hakucheka. Mwezi wa kumi na mbili akapanda baiskeli kwenda Bariadi kutafuta gundi.

Sokoni kulikuwa na mama mmoja aitwaye Veronica, mwenye kibanda cha vitu vya baiskeli. Zamani aliuza nyororo na spoku tu. Sasa kibanda kilijaa.

"Mwadila, mayu," Mboje akamsalimia yule mama kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba. Karibu, leo umekuja na njaa au na pesa?"

"Nimekuja na shida. Nataka gundi ya kushika tyubu kwa tyubu. Sio kiraka. Bapa kwa bapa, kitu kizima, kama unatandika shuka juu ya shuka."

"Ehe! Unashona nguo ya mpira?"

"Koti. La mke wangu."

Veronica akapiga makofi. "Jamani, wengine tunaletewa kitenge!" Kisha akaanza kupanga gundi mezani, moja baada ya nyingine. "Soko huria hili, baba. Zamani ilikuwa moja, ikiisha imeisha. Sasa hivi hata gundi zimekuja na ndugu zao."

Mboje alichukua kwanza solusheni, ile ya kuzibia baiskeli, kibomba kidogo kama dole gumba. Aliiamini. Ila ukubwa ule ulitosha kiraka, na yeye alikuwa na mgongo mzima wa mtu, mara mbili. Akahesabu kichwani vibomba ambavyo vingehitajika, akakirudisha.

"Hii supaglu," Veronica akasema. "Inashika hata kidole cha mwizi."

"Inashika, halafu ikikauka inakuwa kioo. Mpira unajikunja, mayu. Kioo kitafanya nini mpira ukijikunja?"

"Haya, fundi. Basi hii hapa."

Lilikuwa kopo kubwa, gundi ya njano ya mafundi viatu. Mboje alifungua, akanusa, akachovya kijiti. Ikavutika nyuzi ndefu kama asali. Akaipaka kwenye kipande cha tyubu alichokuja nacho, akakikunja nusu, akasubiri, akabana, akavuta. Haikutoka. Kopo lilikuwa na maandishi ya kigeni, herufi kama vijiti vilivyomwagika, na picha ya kiatu kinachodondokewa na matone ya maji.

"Hapa wameandika nini?"

"Mimi nijue ya wapi? Ila kiatu hicho si unakiona? Kinanyeshewa na kimetulia. Maji haiyajui hiyo."

"Ungekuwa na viraka vya moto ningenunua bila kuuliza."

"Viraka vya moto!" Veronica akacheka. "Baba, hivyo vilikufa na chama chenu. Hata matanga tumeshamaliza."

Mboje akanunua kopo la njano.

Kazi ilimchukua siku tano. Alizipasua tyubu, akazinyoosha, akachagua sehemu zilizokuwa nyembamba na laini, maana nzito zingemchosha mwanamke juani. Nyembamba zina matundu madogo yasiyoonekana, kwa hiyo aliamua koti liwe la tabaka mbili, tundu la huku lizibwe na tyubu ya kule. Aliparua kwa msasa mpaka mpira ukawa wa kijivu, akafuta vumbi kwa petroli, akapaka gundi nyembamba pande zote mbili, akakaa kitako kusubiri. Hapo ndipo wasiojua wanapokosea. Ukibandika ikiwa mbichi, umeharibu. Lazima uiguse kwa nyuma ya kidole, na kidole kitoke kikavu.

"Unaisubiri kama mtoto mwenye homa," Nyanjige alimtania, anapeta mchele. "Malimi alipokuwa na surua hukukaa naye hivi."

"Malimi hakuwa wa tabaka mbili."

Akalaza tyubu juu ya tyubu, akazisukuma kwa chupa ya soda kuanzia katikati kwenda nje, pumzi isibaki ndani. Juu yake akaweka jiwe la kusagia. Siku ya tano alikata kipande pembeni, akakitia kwenye ndoo ya maji, akakiacha siku mbili. Alipokitoa alishika upande mmoja kwa koleo, mwingine akamshikisha mkewe.

"Vuta."

Nyanjige alivuta, akaweka mguu ukutani, akavuta tena. Mpira ulichanika. Gundi haikuachia.

"Umeona?" Mboje alisema. Tangu gereji ifungwe, ilikuwa mara ya kwanza kusikia furaha ya kazi. "Hapa hakipiti kitu. Hata uloweshwe vipi, ujue ni jasho lako mwenyewe."

Nyanjige alilivaa, akajizungusha uani. "Sasa nimekuwa tairi. Ukinichoka unanifunga kwenye baiskeli."

Maneno yale, hata uloweshwe vipi, ujue ni jasho lako mwenyewe, Mboje aliyasema yeye. Hakuna mkubwa aliyemtuma.

Mwezi wa pili dawa ikaja. Aliileta bwana shamba, Bundala, kwenye lori lililoazimwa, akaigawa pale kwenye ghala. Safari hii haikuwa ya maji. Ilikuwa ya mafuta, nzito, ya vinyunyizio vya betri, ambavyo kila nyumba ilikuwa navyo vinaning'inia ukutani bila betri. Watu wakauliza. Bundala akasema betri ziko njiani. Wiki ikapita, funza wakaingia kwenye vitumba, ukipasua kitumba unamkuta mmoja amenona anakutazama. Watu wa Kasoli wakatafuta akili. Dawa ya mafuta haikubali maji, basi wakaizimua kwa mafuta ya taa, wakaitia kwenye mabomba ya mgongoni. Bundala alipita, akawaona. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alikuna kidevu, akawasha pikipiki.

Mboje hakupenda. Jumatano jioni alimwambia mkewe, "Kesho naenda mjini. Leo mwezi wa pili tarehe kumi na tano, haiwezekani betri zisiwe zimefika. Ningoje."

"Funza nao watangoja?"

"Ningoje, mama Malimi."

"Haya."

Kuhusu koti na mafuta ya taa, kulimpitia kitu kichwani usiku ule, kama nzi anavyopita mbele ya uso. Alikuwa anasafisha nyororo ya baiskeli kwa mafuta ya taa hayo hayo. Nzi akapita. Mboje akaendelea kusafisha.

Ofisini Bariadi alimkuta Bundala anatoka, faili kwapani.

"Bwana shamba, betri."

"Umesoma ubao, mzee?"

"Nimesoma. Nauliza wewe, siulizi ubao."

"Jumatatu. Leo tuna semina."

"Semina ya nini?"

"Ya pembejeo."

Kulikuwa na mzee mwingine pale kwenye benchi, akacheka mpaka akakohoa. "Pembejeo ziko kwenye semina," alisema. "Ndiyo maana hazifiki shambani."

Mboje alirudi njia yote akimtukana Bundala kimoyomoyo, na waliomtuma Bundala, na waliowatuma hao. Alifika Kasoli jua limeshavuka utosi. Nyumba ilikuwa wazi, kuku ndani. Jirani alimwambia kwa mbali, bila kusogea: "Nenda zahanati."

Alimkuta Specioza, dada yake Nyanjige, amekaa chini nje ya mlango, miguu imetapakaa maziwa yaliyomwagika. Specioza ndiye aliyekuwa analima shamba la pembeni. Aliona dada yake amepiga magoti katikati ya matuta, mate yanamtoka kama ng'ombe aliyekula sumu, anatetemeka. Akaita watu, wakampakia kwenye gari la ng'ombe. Wakamnywesha maziwa, kwa sababu sumu watu wanaijua kwa maziwa. Mvua ikaanza njiani, Specioza akalivuta lile koti la mpira vizuri, akamfunika nalo asilowe.

Ndani, nesi Klementina alikuwa amelikata kwa mkasi, anamwosha mgongo kwa sabuni ndoo kwa ndoo. Mboni za macho za Nyanjige zilikuwa ndogo kama ncha ya kalamu.

"Hakumeza kitu huyu," Klementina alisema bila kugeuka. "Imemwingia kwa ngozi. Amekaa nayo muda gani?"

Akamimina ndoo nyingine.

"Sindano yake ninayo?" aliuliza tena, na safari hii ilionekana anajiuliza mwenyewe. "Sina. Tangu mwaka jana naandika barua. Mpelekeni mjini."

Wakawa wanatafuta gari. Lori la wanunuzi wa pamba lilipita, likakataa kwanza, likarudi baadaye. Liliporudi, Nyanjige alikuwa hahitaji tena usafiri. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, mvua imekatika, na watoto wanafukuzana barabarani kwenye madimbwi.

Siku za matanga Mboje alisema sana. Alisema mpaka wageni wakawa wanaangalia chini. Mke wangu ameuawa na ubao, alisema. Ameuawa na semina. Wametuletea bunduki bila risasi, wakatuambia tuwinde. Malimi, aliyekuja kutoka Nassa, alimshika mkono: "Baba, punguza." Hakupunguza. Na nani angesema ni uongo? Betri hazikuja Jumatatu ile, wala Jumatatu iliyofuata. Aproni hazikuja. Sindano haikuja. Yote aliyosema yalikuwa ya kweli, na kila aliposema aliona nafuu kidogo, kama mtu anayejikuna.

Mwezi ulipopita, Specioza akaja na gunia.

"Shemeji, hiki kitu sikuweza kukitupa. Sikuweza kukitazama pia."

Lilikuwa koti. Mboje alilitandaza uani, pale pale lilipozungushwa na Nyanjige. Ukiacha mkato wa mkasi wa nesi, kwa nje lilikuwa zima. Aliliinua kwenye bega, na tabaka mbili zikaachana zenyewe mkononi mwake, taratibu, kama kurasa za kitabu kilicholowa. Gundi ilikuwa imegeuka uji wa njano. Harufu ya mafuta ya taa ilimpiga puani. Gundi ilikuwa imeachia mgongo mzima, kuanzia begani palipovuja mfuniko, mpaka kiunoni Nyanjige alipokuwa amejifunga kitenge juu yake. Hapo kiunoni tu palibanwa. Dawa ilishuka katikati ya tyubu na tyubu, ikajaa pale kama kwenye mfuko, ikapata yale matundu madogo ya tyubu ya ndani, ikakaa kwenye ngozi. Bila koti ingetiririka chini, ikamwasha, angepiga kelele. Koti lilimtunzia.

Mboje alilikunja, akalifunga kwenye baiskeli, akaenda nalo Bariadi. Alimtupia Bundala mezani, juu ya mafaili.

"Ndiyo hii kazi yenu."

Bundala alilitazama. Hakuwa mtu mbaya wa sura. Alikuwa na watoto, na shati lake lilikuwa limechakaa kola. "Pole sana, mzee. Nilisikia."

"Nani aliruhusu dawa ya mafuta ije bila betri?"

"Mimi nililetewa."

"Na aliyekuletea?"

"Naye aliletewa."

"Basi nipe jina la yule ambaye hakuletewa."

Bundala akainua ukingo wa koti kwa kalamu, akaona tabaka zinavyoachana. Akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaka kujua kweli, "Mzee, gundi hii uliijaribu?"

"Niliijaribu. Siku mbili kwenye maji. Mpira ulichanika, yenyewe haikuachia."

"Kwenye maji."

Mboje alichukua koti lake akatoka. Alikuwa na matusi mengi ameyaandaa tangu Kasoli, yakamwishia mlangoni.

Nyumbani alichukua makopo matatu akayatia mafuta ya taa. Katika la kwanza alitumbukiza vipande viwili vya tyubu alivyovibandika upya kwa gundi ya njano iliyobaki. La pili, vilivyobandikwa kwa solusheni. La tatu, kipande cha tyubu ya lori chenye kiraka cha moto, kazi yake mwenyewe ya gerejini. Akakaa nayo tangu asubuhi, bila kula. Kabla jua halijafika utosini, vya njano vilikuwa vimeelea mbalimbali, kila kimoja peke yake. Vya solusheni vilivimba, vikalegea pembeni, ila katikati vilishikana mpaka jioni. Tyubu ya kiraka cha moto ilivimba yote, kiraka na tyubu pamoja, ikabaki kitu kimoja.

Asubuhi moja. Kopo moja na kikombe cha mafuta ya taa. Ndiyo gharama ya jaribio ambalo hakulifanya, na mafuta yalikuwa mkononi mwake Jumatano ile, anasafishia nyororo.

Specioza alikuja kumletea michembe ya viazi na maziwa mgando, akayakuta makopo. Alikaa kwenye kigoda, akaangalia vipande vinavyoelea.

"Kuna jambo sikulisema kwenye matanga," alisema. "Watu walikuwa wengi."

"Sema, shemeji."

"Kabla hajaanguka alisimama mara mbili. Nilikuwa namwona. Mara ya kwanza alipeleka mkono mgongoni, chini ya koti, akautoa, akautazama. Nikamwita, nikamwambia, dada, tua hilo bomba upumzike. Akanijibu, aah, ni jasho tu. Akaendelea. Mara ya pili akapeleka mkono tena, akaunusa. Hapo akakaa kwenye tuta. Nikadhani anavua koti. Hakuvua. Alikaza kamba, akapiga fundo la pili, akainuka, akamalizia mistari miwili."

"Aliunusa?"

"Aliunusa."

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu. Alinitazama, akacheka kidogo, kama mtu aliyekosea akaona aibu. Sijui aibu ya nani."

Specioza alipoondoka, Mboje alibaki na makopo yake. Wakubwa aliwaacha kando kwa siku hiyo; kesho angewarudia, walikuwa hawaendi popote. Pua ya Nyanjige aliijua. Alikuwa akisikia harufu ya mafuta ya taa kutoka kwa jirani akasema wamewasha taa mapema leo. Pua hiyo iliwekwa kwenye mkono ule, na mkono ule ulitoka mgongoni. Akawasikia tena wote wawili pale uani, yeye anasema hapa hakipiti kitu, Nyanjige anajizungusha na kujiita tairi. Alikiokota kimoja cha vile vipande vya njano, akakibana juu ya mwenzake kwa vidole, kama vingeshikana. Akavishikilia hivyo mpaka mikono ikafa ganzi.

Nyanjige alipounusa mkono wake pale kwenye tuta, aliamini kweli ni jasho kwa sababu mumewe alimwambia hivyo, au alijua ni dawa, akalifunga fundo la pili asije akaliaibisha koti la mumewe?